Mwanafunzi anapomtafuta mwalimu wake kwa simu usiku: nimjibu au ninyamaze?

Mwalimu wa Fizikia, Ilemela

Ndugu walimu, wazazi na wote mnaolijali suala hili, habari za jioni.

Ninafundisha Fizikia katika shule ya sekondari ya kata hapa Ilemela, Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Ninaandika kwa sababu kuna jambo limeniondolea utulivu kwa wiki mbili sasa, na walimu wenzangu niliowauliza ofisini wamenipa majibu yanayopingana kabisa. Mmoja aliniambia nifute namba zote za wanafunzi leo hii, na mwingine aliniambia nikifanya hivyo nitakuwa nimewatupa watoto.

Jumanne moja, wiki mbili zilizopita, saa nne na dakika arobaini usiku, uliingia ujumbe wa WhatsApp kutoka namba nisiyoijua: "Shikamoo mwl, samahani kwa usumbufu, swali la saba b linanigomea." Chini yake ilikuwapo picha ya daftari lenye mchoro wa lenzi mbonyeo. Miale miwili ilikuwa imechorwa vizuri kwa rula, lakini wa tatu ulikuwa umechorwa na kufutwa mara nyingi hadi karatasi ikaanza kutoboka. Daftari lilikuwa limewekwa juu ya kitanda, na pembeni yake ilionekana shuka pamoja na ukuta wa chumba. Niliutambua mwandiko. Ni wa mwanafunzi wa kike wa kidato cha tatu, msikivu, ambaye tangu nimfundishe hajawahi kunyoosha mkono darasani hata mara moja.

Mwalimu yeyote anajua furaha ya kuulizwa swali na mtoto ambaye hajawahi kuuliza. Nilichukua karatasi, nikachora miale yote mitatu, nikaipiga picha na kuituma. Alijibu, "Asante mwl nimeelewa," na mazungumzo yakaishia hapo. Nilipokuwa nazima taa ndipo nilipojiuliza: mtu mwingine akiishika simu hii, ataona nini? Ataona mwalimu wa kiume na mwanafunzi wa kike wakiandikiana karibu na saa tano usiku, na picha iliyopigwa kitandani. Hapakuwa na neno baya hata moja, na bado sikuwa na amani.

Tangu siku hiyo nimeanza kuhesabu. Nina maombi kumi na moja ya urafiki ya wanafunzi kwenye Facebook ambayo sijayakubali wala kuyakataa. Wanafunzi wameunda kundi la Fizikia la kidato cha tatu, wakaniingiza na kunifanya msimamizi bila kuniuliza. Lina watu sitini na wanne bila kunihesabu mimi, wakati darasa zima lina wanafunzi hamsini na wanane. Wale sita ni akina nani, sijui.

Mkuu wetu wa shule alisema katika kikao cha kufungua muhula kwamba mwalimu asijihusishe na wanafunzi mitandaoni, na maelezo yakaishia hapo. Hakuna karatasi iliyobandikwa wala waraka uliosainiwa. Wiki hiyo hiyo tuliagizwa tuwatumie wanafunzi ratiba ya masomo ya ziada kwa njia ya simu. Nami nilikuwa chuoni mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, nikawaona walimu waliokuwa wakituma nukuu na maswali kwa simu wakisifiwa kwa moyo wao.

Ningependa kuwasikia waliokaa kazini miaka mingi, na zaidi ningependa kuwasikia wazazi. Je, yule mtoto nilipaswa kumjibu? Na akiniandikia tena leo usiku, nifanye nini? Naomba kuwasilisha.

---

Mwalimu wa malezi, Nyakato

Mwalimu mwenzangu, nimekusoma mara mbili. Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii, na minane kati ya hiyo nimekuwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, kwa hiyo mambo ya aina hii huishia mezani kwangu.

Kwanza, hukufanya kosa kulijibu swali. Kilichokukosesha amani ni kwamba ulijibu mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayewaona. Angekuja na lile daftari ofisini saa nane mchana, ungemchorea miale ile ile mbele ya walimu wengine, na hakuna ambaye angegeuza kichwa. Simu imewatoa ofisini ikawaingiza chumbani, wewe kwako na yeye kwake, na wote wawili hamkukusudia. Ndiyo maana mimi sianzi na swali la kama mwalimu awasiliane na wanafunzi au asiwasiliane. Ninauliza nani mwingine anaweza kuyaona mawasiliano hayo.

Mimi hufanya hivi. Mwanafunzi akiniandikia faraghani swali la somo, ninamjibu kwa sentensi moja kwamba swali lake ni zuri na nitalijibu kesho darasani au kwenye kundi, ili wenzake nao wafaidike. Kisha ninalijibu huko kweli, bila kumtaja jina ikiwa ni mtoto mwenye haya. Huyo wako asiyenyoosha mkono atafurahi zaidi akisikia swali lake limelinufaisha darasa zima. Ukifanya hivyo mara tatu au nne, wanafunzi wenyewe wanaacha kukuandikia usiku, kwa sababu wanajua jibu litakuja mahali gani na saa ngapi.

Lakini kundi nalo lina hatari zake, na hapa ninasimulia jambo ambalo bado linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, niliunda kundi la kidato cha tatu kwa nia njema kabisa. Sikutafakari kwamba kila aliyemo katika kundi la WhatsApp anaiona namba ya kila mwenzake. Mvulana mmoja alikuwa akitumia simu ya kaka yake, kijana mkubwa mwenye kazi zake mjini. Kaka huyo alizichukua namba za wasichana kutoka kwenye kundi langu na kuanza kuwaandikia mmoja baada ya mwingine. Nilijua baada ya mwezi mzima, msichana mmoja alipokuja kwangu na simu ya mama yake mkononi, akashindwa hata kuzungumza, akanipa tu niisome. Orodha ile niliitengeneza mimi kwa mikono yangu. Wazazi hawakunilaumu, lakini mimi nilijilaumu, na sijaacha.

Kwa hiyo hilo kundi lenye watu sitini na wanne usilale nalo. Uliza waliomo ni akina nani, na kama huwezi kuwatambua wote sita, lifunge. Kundi likiwa na kiungo cha kujiungia, yeyote aliyetumiwa kiungo hicho anaweza kuingia, hata kama yuko Tarime na hajawahi kuliona darasa lako. Siku hizi ninatumia chaneli ya WhatsApp kwa ajili ya nukuu na matangazo, kwa kuwa wafuasi hawaonani namba. Kundi nimelibakiza kwa wazazi tu, tukiwa wasimamizi wawili, mimi na mwalimu wa taaluma, na nimeliweka ili wasimamizi pekee waweze kuandika. Baada ya saa mbili usiku siandiki chochote.

Jambo la mwisho: usiyafute yale mazungumzo yako ya usiku ule. Najua mkono unakuwasha. Yaache kama yalivyo, na kesho mweleze mkuu wako au mwalimu wa malezi kwamba jambo hili lilitokea. Mwalimu anayelisema jambo mwenyewe mapema hana cha kuogopa, lakini mwenye mazungumzo yaliyofutwa atapata tabu kueleza kwa nini aliyafuta.

---

Mama wa watoto wanne, Kirumba

Walimu, shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na habari zenu kwa vijana wangu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, kwenye soko la samaki. Sina elimu kubwa, lakini mwalimu ameomba kuwasikia wazazi, nami ninalo la kusema.

Ninyi mnazungumza kana kwamba mwanafunzi ana simu yake. Nyumbani kwangu simu janja ni moja, na ni yangu. Ndiyo ninayopigia wateja wa Shinyanga na Dodoma, na ndiyo ninayopokelea pesa. Jioni binti yangu wa kidato cha nne anaichukua kwa ajili ya masomo, saa tatu anairudisha. Namba mliyo nayo ninyi walimu mkidhani ni ya mtoto, ni ya kwangu.

Mwaka jana mwalimu mmoja alituma ujumbe usiku, simu ikiwa juu ya meza na mume wangu akiwa amekaa hapo. Uliandikwa hivi tu: "Mbona siku hizi huonekani?" Hakuna jina, hakuna shule, namba haijahifadhiwa, na picha ya mwenye namba ni ya kijana aliyevaa miwani ya jua. Mume wangu aliusoma yeye kwanza. Sitaeleza yote yaliyosemwa usiku ule. Nilikaa siku mbili ndani ya nyumba yangu nikiwa mshtakiwa wa kosa nisilolijua, mpaka binti yetu aliporudi kutoka kwa shangazi yake Igoma, akaiona namba na kusema, "Huyu ni mwalimu wetu wa Hesabu, sikwenda masomo ya ziada Jumamosi mbili." Mwalimu alikuwa anamtafuta mwanafunzi wake, tena kwa wema. Nilikwenda shuleni nikamweleza, naye akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Tangu hapo ninawaambia walimu wote ninaokutana nao: mwanangu, ukiandika kwa namba ya mwanafunzi, andika kama unayemwandikia mzazi wake, kwa sababu huenda ni mzazi ndiye anayesoma. Salimu. Taja jina lako, somo lako na shule yako. Mtaje mtoto kwa jina. Kisha useme unachotaka. Mtu ambaye hawezi kuliandika neno lake kwa namna hiyo, huyo nitataka kujua ana neno gani na mwanangu.

Na mwalimu wa Fizikia, hilo swali lako la kwanza: ndiyo, mimi ningependa umjibu mtoto wangu. Mimi sijui lenzi ni nini. Baba yake hajui. Kama si wewe, atamuuliza nani? Lakini nitumie mimi, nami nitampa.

---

Mwalimu wa sekondari, Ukerewe

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini naomba nitofautiane nao kidogo, kwa kuwa mazingira ya kisiwani si ya mjini.

Wanafunzi wangu kadhaa hawaishi na wazazi wao. Wanatoka vijiji vya mbali na visiwa vidogo, wamepanga vyumba karibu na shule, wanajipikia, na mzazi huja mwisho wa mwezi na debe la unga akipata nafasi. Wengine baba zao wanahama na samaki kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, na namba ya mzazi iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga haipatikani wiki nzima. Kumwambia mwalimu wa huku asimwandikie mwanafunzi ila kupitia kwa mzazi ni sawa na kumwambia asimwandikie kabisa. Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa kiume aliniandikia saa tano usiku kwamba mwenzake wa chumbani anatapika na kuharisha bila kukoma. Ningekuwa na kanuni ya kutosoma ujumbe baada ya saa mbili usiku, sijui tungeamkia nini. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nikiwa nyuma nimemshikilia, tukafika kituo cha afya akiwa bado ana fahamu.

Kwa sababu hiyo siungi mkono katazo la jumla. Jimbo la Missouri, Marekani, lilijaribu mwaka 2011. Lilipitisha sheria iliyowazuia walimu kuwasiliana na wanafunzi faraghani kwenye mitandao ya kijamii. Chama cha walimu kikaenda mahakamani, na jaji akaizuia siku chache kabla haijaanza kutumika mwezi Agosti. Moja ya hoja zilizotolewa ilikuwa kwamba sheria ile, kwa jinsi ilivyoandikwa, ingeweza kumzuia hata mwalimu mwenye mtoto wake shuleni asimwandikie mtoto huyo. Mwaka huo huo wakaiondoa, na badala yake kila wilaya ya shule ikatakiwa iandike sera yake yenyewe ya mawasiliano kati ya wafanyakazi na wanafunzi.

Ninalitaja hili kwa sababu ya lile ulilosema, mwalimu wa Fizikia, kuhusu mkuu wako. Tatizo la kauli ya mkuu wako ni kwamba ameisema kwa mdomo, ndani ya ofisi ya walimu, mbele ya watu ambao wote ni walimu. Mzazi hakuwapo. Mwanafunzi hakuwapo. Siku jambo likiharibika, kila mtu atakumbuka kauli tofauti. Hapa kwetu tumeandika ukurasa mmoja, ukasomwa kwenye kikao cha wazazi na kutiwa saini: mwalimu anaweza kuandikiwa wakati wowote kwa ugonjwa au hatari, ataitika, na ndani ya nusu saa atamjulisha mwalimu wa pili. Masomo yanasubiri asubuhi. Si karatasi ya ajabu, lakini imetusaidia zaidi ya onyo lolote.

---

Mwanasheria, Nyamagana

Naomba niongeze upande wa sheria kwa kifupi, maana katika mazungumzo ya namna hii watu huogopa sheria ambazo hazipo na kuzisahau zilizopo.

Kuwa kwenye kundi moja na mwanafunzi, au kumjibu swali la Fizikia, si kosa la jinai. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18, na wengi wa wanafunzi wa sekondari wamo humo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu picha chafu za watoto na unyanyasaji kwa njia ya mtandao, na haijali kama mtumaji ni mwalimu, mwanafunzi mwenzake au ndugu. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mashauri ninayoyafahamu ya aina hii mara nyingi hayaanzi na tendo. Yanaanza na salamu za usiku, kisha vocha ya elfu moja, kisha "usimwambie mtu." Neno hilo la mwisho mzazi akilikuta kwenye simu, asisubiri kuliona la pili.

Walimu wengi hawaifahamu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Mwalimu anayepiga picha karatasi ya matokeo yenye majina na alama za darasa zima na kuirusha kwenye kundi, au anayeweka picha ya mwanafunzi anayeadhibiwa kwenye stetasi yake, anadhani anafanya kazi yake ya kawaida. Si kazi ya kawaida. Mtumie kila mzazi matokeo ya mtoto wake.

Mzazi au mwanafunzi aliyetumiwa ujumbe mbaya asiufute kwa hasira wala kwa aibu. Aupige picha kwenye skrini namba na tarehe zikionekana, kisha aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au apige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Na mwalimu anayeandikiwa na mwanafunzi maneno yasiyofaa, jambo ambalo hutokea na wanaume huona haya kulisema, naye autunze ujumbe na kutoa taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi. Ukiutunza, unakulinda. Ukicheka naye kidogo halafu ukaufuta, umejiondolea ushahidi wako mwenyewe.

---

Mwanafunzi wa chuo, Nyegezi

Shikamooni. Nilimaliza kidato cha sita miaka miwili iliyopita, na ninaona wote mliochangia mmezungumzia mwalimu anayemwandikia mwanafunzi. Mimi naomba nizungumzie mwalimu anayemtazama.

Nilipokuwa kidato cha tatu, nilikuwa na akaunti ya TikTok yenye wafuasi wachache, wengi wao binamu zangu. Wakati wa likizo niliweka video nikicheza na dada yangu kwenye harusi ya shangazi yetu, nimevaa gauni la sare ya harusi. Sikujua kwamba mwalimu mmoja wa shule yetu alikuwa miongoni mwa wafuasi wangu, kwa jina lisilo lake. Shule zilipofunguliwa, asubuhi ya Jumatatu, tukiwa mstarini, alisimama akasema wapo wasichana wanaojifanya watulivu shuleni na kumbe likizo wanakata viuno mtandaoni, kisha akanitazama. Hakunitaja. Hakukuwa na haja, kwa sababu shule nzima iligeuka na kutazama alikotazama yeye. Nilikaa mwezi mzima nikila chakula cha mchana peke yangu nyuma ya maabara.

Mwalimu yule hakuniandikia neno hata moja, wala hakuvunja kanuni yoyote kati ya hizi mlizozitaja. Alichukua kitu cha nyumbani kwetu, cha furaha ya familia, akakileta shuleni kuwa shtaka. Ndiyo maana nasema, mwalimu asiwafuate wanafunzi kwenye kurasa zao binafsi hata kama zimewekwa wazi, na zaidi asiwafuate kwa jina la kificho. Kama kuna jambo la hatari ameliona, mathalani mtoto anayeandika kwamba amechoka kuishi, amwite faraghani au amwambie mwalimu wa malezi jioni hiyo hiyo. Yaliyobaki ayaache yalipo.

Upande wa pili nao upo. Sisi wanafunzi tulikuwa tukiwaona walimu wetu. Mwalimu anapoweka kwenye stetasi picha ya meza yenye chupa saa saba usiku, kesho yake darasa zima linajua, na lolote atakalosema kuhusu nidhamu linasikilizwa kwa sikio moja. Simaanishi mwalimu asiwe na maisha. Lakini stetasi inaweza kuwekwa ionwe na watu uliowachagua tu, na sioni kwa nini wanafunzi wawe miongoni mwao.

Kuhusu maombi kumi na moja ya Facebook, yaache hapo hapo mpaka watakapomaliza shule. Mwalimu wangu wa Baiolojia aliliacha langu kwa miaka miwili na nusu. Alilikubali wiki niliyopata matokeo ya kidato cha sita, akaandika, "Sasa karibu." Nilifurahi kuliko angelikubali siku ya kwanza.

---

Mwalimu wa Fizikia, Ilemela

Ndugu zangu, nimesoma kila neno. Dada wa Nyegezi, pole sana, na mimi nitaangalia upya ninaowafuata.

Leo mchana nilimweleza mwalimu wetu wa malezi yaliyotokea usiku ule na kumwonyesha mazungumzo yenyewe. Aliyasoma, akaniuliza maswali mawili, akaandika kwenye daftari lake. Kundi la watu sitini na wanne nimeliuliza lijitambulishe. Wanne ni wadogo na kaka wa wanafunzi, mmoja alimaliza shule mwaka jana, na wa sita alijitoa mwenyewe dakika tano baada ya swali langu, bila kujibu. Nimelifunga. Mkuu wa shule amekubali tuandike ukurasa mmoja kama ule wa Ukerewe na kuupeleka kwenye kikao cha wazazi.

Yule mwanafunzi nilimjibu darasani. Nilichora lenzi ubaoni, nikasema kuna aliyeuliza swali zuri sana kuhusu mwale wa tatu, na wanafunzi zaidi ya nusu wakasema nao uliwashinda. Yeye aliinamia daftari lake, lakini nilimwona anatabasamu.

Huu ndio ujumbe ninaokusudia kuutuma kwa namba zote nilizonazo. Mama wa Kirumba, naomba unisahihishie:

"Shikamoo mzazi. Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa kidato cha tatu. Namba hii nimeihifadhi kuwa ni yako, si ya mtoto. Maswali ya somo yaletwe kabla ya saa mbili usiku, nami nitayajibu kupitia kwako au darasani. Kwa ugonjwa au dharura piga wakati wowote."

---

Mama wa watoto wanne, Kirumba

Umeandika vizuri, mwanangu. Anza na jina lako kamili na la shule, kisha litaje la mtoto, kwa sababu mwenye watoto watatu shuleni hatajua ni yupi. Na usitutumie alfajiri. Saa kumi na moja mimi niko mwaloni, mitumbwi inaingia, mikono imejaa maji. Tuma saa nne asubuhi, nitakuwa nimekaa.

Ukimaliza, nitumie na mimi niuone, hata kama binti yangu hasomi kwako.